Masizi ya Mhunzi

Zipo filamu chache zinazomwonyesha Munakata Shiko akiwa kazini, na anayezitazama kwa mara ya kwanza hudhani mzee huyu anaunusa ubao. Amekaa chini, kitambaa kimefungwa kipajini, miwani mizito kama kitako cha chupa, na uso umeinama hadi vibanzi vya mti vinamrukia mdomoni. Mkono mmoja unasukuma patasi, mwingine unauzungusha ubao. Hasimami kupima. Harudi nyuma hatua mbili akafumba jicho moja, kama wachoraji wanavyopenda kufanya wakijua wanatazamwa. Anavuma wimbo, anachonga, anavuma tena, na kabla hujaelewa nini kinatokea, uso wa mwanamke umeshachomoza kwenye mbao.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu katikati hapo nilikuwa nimejaribu mwenyewe. Nilichukua kipande cha ubao wa mwembe, nikaazima bobari kwa mjomba wangu ambaye ni seremala, nikashinda Jumamosi nzima nikichonga jina langu. Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko. Jina likatoka kinyumenyume, kama maandishi ya ukutani ukiyasoma kwenye kioo cha kinyozi. Herufi mbili zilikuwa zimepasuka kabisa. "Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, "hii mbao ina nyuzi zake. Wewe umezikata bila kuziuliza." Kisha akaichukua bobari yake, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaitia kinoo bila kusema neno jingine.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ubao unalainishwa kwa randa. Kinachotakiwa kiwe cheupe kinachongwa kiondoke, kinachotakiwa kiwe cheusi kinaachwa. Wino unapakwa juu ya kilichobaki, karatasi inalazwa, inasuguliwa kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, inabanduliwa. Basi. Uzito wake uko kwenye jambo moja, kwamba hakuna kufuta. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hupaka rangi nyingine juu yake, na mfinyanzi hurudisha udongo kwenye bonge. Mchongaji wa chapa akikosea, kosa lake litachapwa mara hamsini pamoja na kazi yake.

Msomaji wa pwani asione haya ni mambo ya mbali. Kabla kanga hazijaanza kuja na meli kutoka viwandani, zile za mwanzo, karne ya 19, zilipigwa chapa kwa mkono kwa vibao vya mti juu ya kitambaa cheupe. Bibi zetu walivaa chapa ya ubao kabla hawajavaa chapa ya mashine. Lakini mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, kazi hii ilikuwa imekwisha kufikishwa mbali sana, na ilikuwa imegawanywa kama kazi ya jahazi. Mmoja alichora, mwingine alichonga, wa tatu alipiga chapa, wa nne alitoa fedha na kuuza. Hokusai na Hiroshige, ambao dunia nzima inawajua kwa chapa za mawimbi, mvua na madaraja, hawakuwa wakichonga mbao zao wenyewe. Wachongaji walikuwa watu wengine, na wengi wao majina yao yamepotea.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo Munakata alilokuja kulipindua, kisha akalirudisha kwa mlango wa nyuma.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1903 mjini Aomori, bandari iliyo kaskazini kabisa mwa Honshu, kisiwa kikubwa cha Japani, nchi ya theluji nyingi na maneno yenye lafudhi nzito ambayo watu wa Tokyo huyacheka. Baba yake alikuwa mhunzi. Watoto walikuwa 15. Shule ilimwishia ngazi ya msingi, akaingia kiwandani kwa baba, kwenye mivukuto na fuawe, na baadaye akapata kazi ya utarishi katika mahakama ya mji. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, na kwao husemwa kwamba ni masizi ya tanuri yaliyomharibia. Iwe kweli au isiwe, masizi hayo yalimfuata. Wino mweusi wa Kijapani, ule alioutumia maisha yake yote, hutengenezwa kwa masizi na gundi. Mtoto aliyekulia katika masizi alikuja kula kwa masizi.

Kuna kisa cha utoto wake ambacho mwenyewe alipenda kukisimulia. Siku moja ndege ilianguka karibu na shule, enzi hizo ndege ikiwa ajabu ya kuhadithiwa, na watoto wote wakatoka mbio mashambani kwenda kuiona. Shiko akajikwaa, akaanguka kwenye mfereji wa mpunga. Alipoinua uso, mbele ya pua yake kulikuwa na ua dogo jeupe la majini, lile Wajapani waliitalo omodaka. Wenzake walifika kwenye ndege, yeye akabaki na ua. Alisema hapo ndipo alipotaka kuwa mchoraji. Visa vya namna hii wasanii huvisafisha kadiri miaka inavyokwenda, na mimi huvipokea kwa mkono mmoja. Ila hiki nakipenda kwa kuwa kina umbali sahihi. Ua lilikuwa mbele ya pua. Katika maisha yake yote, Munakata hakuwahi kuona vizuri kitu kilichokuwa mbali zaidi ya hapo.

Sasa hapa ndipo habari ya mizizi inapoanza, na inaanza kombo.

Neno "asili" limechakaa mikononi mwetu. Nenda kwenye duka lolote la vinyago, kila kitu ni cha asili: simba wa asili, Mmasai wa asili mwenye shingo ya twiga, ngoma ya asili iliyopakwa rangi ya kiatu. Asili imekuwa vazi la kuvaa wageni wakija. Kijana Munakata hakuwa na hamu hata chembe ya asili. Mwaka 1921 mchoraji mmoja wa Aomori, Ono Tadaaki, alimwonyesha jarida lililoitwa Shirakaba, lililokuwa likichapa picha za wasanii wa Ulaya. Ndani yake kulikuwa na alizeti za Vincent van Gogh, kwa rangi. Tarishi wa mahakama akarukwa na akili. Akatangaza kwa yeyote aliyekuwa na masikio kwamba yeye atakuwa Van Gogh. Hakusema atakuwa kama Van Gogh. Alisema atakuwa yeye hasa.

Mwaka 1924 akaenda Tokyo kutafuta utukufu huo. Akashona viatu, akauza soya iliyochachishwa mitaani, akapaka rangi za mafuta kwenye turubai, akapeleka kazi zake kwenye maonyesho makubwa ya serikali, zikakataliwa. Akapeleka tena, zikakataliwa. Hivyo hivyo hadi 1928 ndipo picha yake moja ya bustani ilipokubaliwa. Mwenye hekima za kawaida angesema mtoto wa mhunzi sasa amefika. Yeye ndipo alipokuwa anaiacha njia hiyo.

Sababu alizozieleza baadaye zinagusa kwa ukweli wake. Kwanza, macho. Rangi za mafuta, kama alivyozijua, zilidai umwone mtu aliyekaa mbele yako, uone kivuli chake, uone kilima kilicho nyuma yake kikififia. Yeye alikuwa haoni kilima. Pili, aliwatazama wakubwa wa Kijapani waliokuwa wakichora kwa mafuta, akaona hata walio bora zaidi bado wanawatazama walimu wa Ulaya, na akajiuliza, mwanafunzi wa mwanafunzi atakuwa nani? Tatu, na hapa ndipo kicheko kinapokuja, akagundua kitu ambacho yule Van Gogh wake alikuwa akikitamani. Mholanzi huyo alikusanya chapa za ubao za Kijapani kwa mamia. Mwaka 1887, akiwa Paris, alizinakili chapa mbili za Hiroshige kwa rangi za mafuta, bustani ya miti ya plamu na daraja kwenye mvua. Alizitundika ukutani, akamwandikia ndugu yake barua kuzihusu, akaitafuta Japani mpaka kusini mwa Ufaransa ambako haikuwepo. Kijana wa Aomori alikuwa amevuka nusu ya dunia kwa mawazo ili afike kwa mtu ambaye naye alikuwa njiani kuja kwao.

Hiyo ndiyo njia aliyorudia nyumbani. Wengi hurudi kwa wito wa mababu, au kwa hasira juu ya wageni. Munakata alirudi kwa kumfuata mgeni hadi mwisho.

Hata kazi iliyomgeuza haikuwa na sura ya asili. Mwaka 1926 aliiona chapa ya Kawakami Sumio iitwayo "Upepo wa Mwanzo wa Kiangazi". Ni mwanamke aliyevaa nguo za Kizungu, upepo unampeperusha, na maneno ya shairi yamechongwa kumzunguka, kwenye ubao uleule. Mwanamke huyo angeweza kuwa anatembea London. Lakini mkono uliomchonga ulikuwa wa Kijapani, na maneno yalikuwa yamekaa ndani ya picha kama samaki ndani ya maji. Munakata akaanza kuchonga. Kufikia 1928 alikuwa akijifunza kwa Hiratsuka Un'ichi, mmoja wa mafundi waliokuwa wamevunja ule mgawanyo wa kazi wa zamani. Tangu 1904, Yamamoto Kanae alipotoa chapa yake ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuichapa peke yake, kundi la wasanii lilikuwa limeshika kauli kwamba mkono uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mtu ambaye uso wake lazima ugusane na kazi, hakukuwa na kauli iliyomfaa zaidi.

Miaka iliyofuata ndiyo yenye utajiri, na nitakaa hapo.

Mwaka 1936 alipeleka kwenye maonyesho ya Tokyo mfululizo mrefu wa chapa juu ya shairi la Yamato, nchi ya kale ya Wajapani. Maandishi yalikuwa mengi kiasi kwamba kwa mbali ulionekana kama ukuta wa herufi. Yanagi Soetsu akaiona. Yanagi ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba uzuri wa kweli umo kwenye bakuli la kulia wali, kikapu, kitambaa cha mkulima, vitu vilivyotengenezwa na watu wasioandika majina yao. Mwaka huohuo alikuwa anafungua jumba la makumbusho ya ufundi wa watu wa kawaida jijini Tokyo, akalinunulia jumba lake kazi hiyo. Kwa Yanagi, Munakata akawafahamu wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro. Kawai akamchukua kwenda naye Kyoto, akamfungulia vitabu vya dini ya Buddha na mahekalu yake. Ukitaka kujua mtu mwenye elimu ya msingi alisoma wapi, alisoma hapo, jikoni kwa wafinyanzi.

Mwaka 1938 akageukia kwao. Aomori kuna hekalu la zamani lenye jina la ndege wa baharini aitwaye uto, na Shiko alicheza uani pake akiwa mtoto. Ndege huyo ana mchezo wake wa kuigiza, wa karne nyingi zilizopita. Mwindaji aliiga sauti ya ndege mzazi, makinda yakaitika, akayakamata. Baada ya kufa anateswa na ndege wale wale, na roho yake inarudi kuomba. Munakata aliichonga hadithi hiyo kwa weusi mzito na weupe mkali, mavazi ya waigizaji yakiwa kama miale. Kazi hiyo ikapewa tuzo maalumu kwenye maonyesho ya serikali, yale yale yaliyokuwa yakimkataa, na ilikuwa mara ya kwanza chapa kupewa heshima hiyo pale. Tazama alichokwenda kukichimba. Hakuchagua mlima Fuji wala maua ya cheri. Alichukua kosa la mwindaji wa pwani yao, na sauti ya kuita ambayo ilikuwa ya uongo.

Halafu mwaka 1939 wakaja wanafunzi kumi.

Hao ni wanafunzi wakubwa wa Buddha, kila mmoja amesimama peke yake kwenye ubao wake, karatasi ikiwa karibu mita moja kwenda juu, pamoja na watakatifu wawili wa pembeni. Ni kazi ambayo kama angekufa mwaka ule ingemtosha. Husimuliwa kwamba kumi hao aliwachonga kwa muda wa wiki moja tu, bila kuwachora kwanza, akitumia pande zote mbili za mbao ili asipoteze mti. Yote mawili yanaonekana. Wamebanwa. Vichwa vinagusa ukingo wa juu, nyayo zinagusa wa chini, mabega yanasukuma pembeni, kama abiria wa basi la saa kumi na mbili jioni. Mmoja kainama kwa kuwa ubao umekwisha. Mwingine kapindisha shingo kwa sababu hiyo hiyo. Nami nasema, bila kumwomba radhi mtu, kwamba utakatifu wao unatokana na kubanwa huko. Mchoraji mwenye turubai kubwa angewapa anga, mawingu, na duara la nuru. Hapa kuna mtu na mipaka yake, na ndani ya mipaka hiyo amepata namna ya kusimama.

Tangu hapo Munakata akaanza kusema kwamba si yeye anayechonga. Ubao una kitu chake, kazi yake ni kukitoa. Mwaka 1942 akaenda mbali zaidi, akabadilisha jina la sanaa yake. Kwa Kijapani chapa huitwa hanga, na msomaji wa Kiswahili anaweza kulitamka alivyolisoma hapa bila taabu. Herufi ya kwanza ya neno hilo ina maana ya bamba la kuchapia. Yeye akaiondoa, akaweka nyingine inayotamkwa vilevile, lakini maana yake ni ubao, ubao tu, kama wa rafu au wa mlango. Sikio halisikii tofauti. Jicho linaiona. Kwake picha haikuwa nakala ya kitu kingine, ilikuwa ubao unaojitokeza.

Maneno haya ya "mti wenyewe ndio unaosema" nimeyasikia kwa mafundi wengi, na mara nyingi ni mapambo ya kumpandishia mnunuzi bei. Nilimuuliza mjomba kama anaamini mbao husema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua hulowesha. "Haisemi," akajibu. "Inakataa." Nadhani hilo ndilo Munakata alilokuwa akilimaanisha, isipokuwa yeye alikuwa mshairi zaidi. Ubao unakataa. Una fundo hapa, una nyuzi zinazokimbilia kule, una mwisho wake. Mkono wenye adabu unasikia kukataa huko mapema, kabla mpasuko haujatokea, na unapinda. Mstari unaozaliwa kwenye kupinda si wa fundi peke yake na si wa mti peke yake.

Vita vikamfundisha upande mwingine wa jambo hilo. Mwezi Aprili 1945 alihamia Fukumitsu, mji mdogo wa vijijini mkoani Toyama, kukimbia mabomu. Mwezi uliofuata nyumba yake ya Tokyo ikaungua, na pamoja nayo mbao zake karibu zote. Mbao za wale watakatifu wawili ziliteketea, akaja kuzichonga upya 1948. Mbao za wanafunzi kumi zikapona, na namna zilivyopona ni ya kuchekesha hadi machozi. Inasimuliwa kwamba mkewe, Chiya, alipokuwa anasafirisha kiti kimoja cha Kiingereza, alikosa mbao za kukifungia, akazichukua hizo akakipangia pembeni kama kreti. Kiti kikafika salama. Wanafunzi wa Buddha wakafika nacho. Na mbao hizo hazikuona haya kutumika hivyo. Ubao ni ubao, kama alivyokuwa amekwisha kuandika mwenyewe.

Fukumitsu alikaa hadi 1951, kati ya wakulima wa madhehebu ya Kibuddha yanayofundisha kwamba binadamu hajiokoi kwa nguvu zake, bali kwa nguvu ya mwingine. Kwa mwana wa mhunzi aliyefika Tokyo akitangaza kuwa Van Gogh, somo hilo lilikuwa chungu na lilimpata penyewe. Alikiri kwamba huko ndiko alikojua udogo wake. Na hapa ndipo ninaposema amelirudisha jambo kwa mlango wa nyuma. Wasanii wa kizazi chake walivunja mgawanyo wa kazi wa Edo ili jina moja lisimame juu ya kazi nzima. Munakata alishika patasi, wino na karatasi, vyote peke yake, kisha akadai kwamba aliyefanya ni mwingine. Wale wachongaji wa Edo waliopotea majina walikuwa wamepata mwenzao.

Lakini unyenyekevu huo usimdanganye mtu. Alikuwa mtu wa kelele, mcheshi, mwenye kujigamba mchana na kusujudu jioni, na alifanya kazi nyingi mno. Ukitazama wanawake wake kumi wenye mashavu ya duara na nukta kipajini, wa kumi na moja hakuongezei kitu. Kasi ile inayotushangaza kwenye filamu ilimpa pia siku za kurudiarudia. Fundi mwenye wivu na jina lake angeficha nusu.

Nitataja kazi moja zaidi, kwa sababu ndiyo ningeiiba kama ningeruhusiwa kuiba moja. Ni ya 1954, nayo inaitwa "Kuwinda Maua". Wapanda farasi watatu wanakwenda mbio, mbwa chini, ndege juu, mikono ya wapandaji imeinuliwa kama ya mtu anayevuta upinde. Wazo alilipata kwenye picha za kale za ukutani zenye wawindaji. Tazama tena mikono. Hakuna pinde, hakuna mishale. Maua hayawindwi kwa silaha. Mtu aliyechonga mwindaji wa ndege mwaka 1938, akiteswa na makinda aliyoyadanganya, miaka 16 baadaye amewanyang'anya wawindaji silaha na kuwaacha na mbio zao tu. Na mtoto yule wa mfereji wa mpunga, aliyekwenda kutafuta ndege akakuta ua, bila shaka amepanda mmoja wa farasi hao.

Rangi, pale alipoitumia, aliitia kwa nyuma. Yanagi ndiye aliyempa shauri hilo. Karatasi ya Kijapani, itengenezwayo kwa nyuzi za gome la mforosadi, ni nyembamba na ina kiu. Ukiipaka rangi mgongoni, inanywa, na rangi inatokea usoni ikiwa imepoa, kama damu inavyoonekana chini ya ngozi. Mstari mweusi unabaki juu, haujaguswa. Nimekwisha kujaribu hili pia. Karatasi zetu za daftari hazina kiu hiyo, hukunjamana tu.

Na majina ya kazi zake nyingi aliyamalizia kwa neno saku, ambalo maana yake ni uzio. Alifafanua kwamba aliwafikiria mahujaji wa kisiwa cha Shikoku, wanaozunguka mahekalu na kuacha katika kila hekalu kijikaratasi chenye dua yao. Kila chapa ilikuwa kijikaratasi kimoja, mithili ya kigingi kilichopigwa njiani, kisha anaendelea na safari.

Heshima za dunia zilikuja kwa mkupuo. Lugano 1952, São Paulo 1955, na mwaka 1956 tuzo kuu ya chapa kwenye maonyesho ya Venice. Mwaka 1970 serikali ya Japani ikamtunuku nishani ya utamaduni. Haya yote yamo kwenye vitabu, sina la kuongeza. Karibu na mwaka 1960 jicho lake la kushoto lilizimika kabisa, na akaendelea kuchonga na lile jingine, pua ikisogea karibu zaidi.

Kilichonikaa moyoni ni safari ya 1959. Alialikwa Marekani, na kutoka huko akapita Ulaya, akafika Auvers-sur-Oise, kijiji cha Ufaransa alikozikwa Vincent van Gogh ubavuni mwa ndugu yake Theo, mawe mawili ya kawaida yamesimama bega kwa bega. Alikuwa amekwisha kupita miaka 50. Alikuwa ameshinda Venice. Hakuhitaji tena kuwa Van Gogh, na kwa muda mrefu hakuwa ametaka kuwa. Alikwenda tu, kama mtu anavyokwenda kumwamkia mzee aliyemwelekeza njia.

Munakata Shiko alifariki Tokyo tarehe 13 Septemba 1975. Amezikwa kwao Aomori, katika mji aliofulia chuma baba yake, na kaburi lake na la Chiya alikuwa amekwisha kuliagiza mwenyewe. Jiwe lake limechongwa kwa umbo la lile la Auvers.